Sauti ya Pili Ndo Inaanza

Kama umewahi kuimba kwaya ya parokia ukapangwa sauti ya pili, utanielewa haraka. Sauti ya kwanza ndo wanabeba wimbo, wanasikika mpaka barabarani. Sauti ya tatu wakipanda juu kanisa zima linageuka, besi wakishuka mabenchi yanatetemeka. Sisi tuko katikati. So so so fa, so so la so, mstari mzima nota tatu, na mtu akikuomba nyumbani umwimbie ule wimbo wa Jumapili unaanza na sauti yako anakuangalia anakwambia mbona huo sio wenyewe. Mi nimekaa hapo miaka 19 tangu niko kidato cha pili, na sijawahi kuomba kuhamishwa, maana ukiwa katikati unawasikia wote, huku juu huku chini, na ukikosea nusu toni kodi nzima, yaani zile nota zinazolia pamoja, inachafuka hata kama hakuna anayejua ni nani kaichafua.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wananiuliza sana, we mtu wa Mbagala umeanzaje kupenda Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, na jibu langu ni hilo hilo, nimefika kwa Bach kupitia sauti ya pili. Sikuanzia kwenye redio wala chuo cha muziki, nyumbani kwetu hakukuwa na piano. Nilianza na karatasi za nota zilizopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, do re mi imeandikwa d r m na nukta mbili mbili katikati, ile ile nota ya sol-fa iliyotengenezwa Uingereza karne ya 19, kwanza na mama mmoja mwalimu Sarah Glover, baadae mchungaji John Curwen akaieneza, wamisionari wakaibeba mpaka kwetu na mpaka leo ndo tunaimbia. Watu wengi duniani wanaamini ili uupate muziki wa klasiki lazima kwanza ujue stafu, ile mistari mitano. Mwanakwaya yeyote wa huku aliyeimba Aleluya Kuu ya Handel usiku wa Pasaka kwa sauti nne, tena bila kuangalia karatasi, tayari yumo ndani ya muziki huo na hajaambiwa tu kwamba yumo.

Sasa nisimulie ilivyokuwa.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa, akataka wakati wa komunyo iimbwe Ave Maria ya Gounod, na mpiga kinanda wetu akapata uhamisho wa kikazi miezi miwili kabla ya harusi. Mi nilikuwa najifunza kinanda pole pole, nina kinanda cha mtumba nilichonunua Kariakoo, kii 61, kinatumia umeme au betri kubwa zile za redio sita. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mstaafu ambaye ameshafundisha watoto wa watoto wa wanafunzi wake, akanipa karatasi ya stafu akaniambia mwanangu hii ni rahisi kuliko unavyodhani, karibu kila baa, kile kipande kati ya mstari wa kusimama na mwingine, ina nota tano tu. Nikahesabu nikakuta kweli. Mkono wa kushoto unapiga mbili unazishikilia, mkono wa kulia unapiga tatu mara mbili, zikiisha unarudia tena hivyo hivyo, jumla nota 16, halafu unahamia baa inayofuata na nota tano zingine. Hakuna melodi humo. Ni kodi zimefunguliwa nota moja moja, kama mtu anahesabu shanga za rozari bila haraka.

Hiyo sehemu ya kinanda, mwalimu akaniambia, wala siyo ya Gounod. Gounod, Mfaransa, aliichukua nzima nzima kwa Bach, preludi, yaani kipande cha kufungulia, ya kwanza kwenye kitabu chake cha mwaka 1722, akaweka melodi yake juu mwaka 1853, na maneno ya Ave Maria yakaja miaka michache baadae. Kwa hiyo huo wimbo unaoliza watu harusini ni watu wawili ambao hawakuwahi kuonana, mmoja alikufa mwaka 1750 na mwingine hata hajazaliwa, wameandika kitu kimoja. Mi hapo nilitulia kwanza. Nilikuwa nimeusikia ule wimbo labda mara hamsini na kila mara sikio langu lilikuwa kwa anayeimba, sijawahi hata mara moja kusikiliza zile nota chini yake. Mi, mtu wa sauti ya pili!

Miezi miwili nilipiga baa hizo kila usiku watoto wakishalala, hedifoni masikioni. Nilijifunza kwenye do C, yaani do ikiwa kwenye kii ya C, na siku yenyewe mwimbaji akataka chini kidogo, nikabonyeza kile kitufe cha kuhamisha do tukashusha, kama wapiga kinanda wengi wa makanisani tunavyofanya. Harusi ikaenda vizuri. Mdogo wangu alilia, mama alilia, mi sikulia maana nilikuwa nahesabu.

Jambo lenyewe lilianza wiki moja baada ya harusi. Vidole vilishazoea, ikifika saa tatu usiku vinataka kazi, na nikajiambia basi ngoja nipige ya Bach mwenyewe bila Gounod. Kuna maktaba kwenye mtandao inaitwa IMSLP, nota za watunzi waliokufa zamani ambazo haki zake zimeshaisha muda zimo humo maelfu kwa maelfu na unashusha bure. Nikashusha, nikaweka simu juu ya kinanda, nikaanza. Kila kitu sawa, baa ya kwanza, ya kumi, ya ishirini, ya ishirini na mbili, halafu mkono wangu wa kushoto ukaenda kwenye so, G, kama ulivyozoea, na karatasi inasema kitu kingine. Karatasi imeruka! Inatoka kwenye F shapu, nusu toni chini ya G, inaenda moja kwa moja A flati, nusu toni juu yake. Ile baa ya G ambayo nimeipiga miezi miwili haipo.

Nikadhani aliyeskani karuka mstari. Nikashusha nakala nyingine, ya wachapaji wengine, nayo haina. Ya tatu, haina. Nikahesabu, preludi ya Bach ina baa 35, na mi nilikuwa na moja ya ziada mkononi. Nilikaa na hilo swali mpaka Jumatano ya mazoezi, nikamfuata mwalimu kabla watu hawajafika, nikamwonyesha. Hakunijibu. Akasema imba besi. Nikaimba besi ya Gounod kwa sol-fa: fa, fe (yaani fa iliyopandishwa nusu toni), so, la iliyoshushwa nusu toni, so. Haya, akasema, sasa imba ya Bach. Fa, fe, la iliyoshushwa, so. Akaniuliza ipi tamu. Nikamwambia ya kwanza ni rahisi kuimba, inapanda ngazi moja moja. Akasema ndiyo, ni rahisi, na ndo maana mtu aliiongeza.

Kumbe kuna mwanamuziki wa Hamburg aliitwa Schwencke, huyu ndo alishika nafasi ya mmoja wa watoto wa Bach kule Hamburg baada ya huyo mtoto kufariki mwaka 1788, na hiyo baa ya ziada inajulikana kwa jina lake, baa ya Schwencke. Kutoka F shapu kuruka mpaka A flati kwenye besi kulionekana kosa, masikio ya wakati huo hayakupenda mruko wa namna hiyo, basi ikaingizwa G katikati kuziba shimo. Matoleo kadhaa ya karne ya 19 yakachapwa na hiyo baa ndani, Gounod akalipata toleo la hivyo, akatunga melodi yake juu yake, na mpaka leo kila harusi duniani inayopigwa hiyo Ave Maria ina baa moja ambayo Bach hakuiandika.

Mi nimekaa na hizo njia mbili muda mrefu na nina msimamo. Ya Bach ndo sahihi. Sikiliza besi inavyofanya kazi, baada ya hapo mbele kuna G ndefu sana, baa nane nzima mkono wa kushoto umekaa kwenye so haiondoki huku juu yake kodi zinabadilika badilika, ni kama mtu amefika mlangoni anagonga hafunguliwi. Kabla ya kufika hapo Bach anaigusa ile nyumba pande zote mbili, nusu toni chini yake, nusu toni juu yake, lakini yenyewe haigusi. Anaizunguka. Halafu ndo anaingia, na unapoingia unasikia kabisa kwamba umefika. Schwencke anakuonyesha G mapema, unaipita, unairudia, utamu wote umeshapungua. Kujaza pengo kwa nia njema kumeharibu pengo lenyewe. Kwenye Ave Maria siitoi, melodi ya Gounod inaihitaji, lakini nikipiga peke yangu naruka kama karatasi ya Bach inavyosema, na kila mara bega la kushoto linasisimka.

Na hapa nikakumbuka karatasi zetu wenyewe. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye kwaya zaidi ya miaka mitano anajua nota zinavyobadilika zikitoka parokia moja kwenda nyingine, mwalimu mmoja anaona sauti ya pili ngumu anairahisisha kwa kalamu, mwingine anapiga fotokopi ya ile iliyorekebishwa, baada ya miaka kumi mnakutana kwenye kongamano la kwaya mnaimba wimbo mmoja na sauti za pili mbili tofauti, kila upande unaapa wao ndo sahihi. Sauti ya pili ndo inaumia zaidi maana wanasema haisikiki. Kumbe na Bach yalimkuta hayo hayo. Kile kitabu chake hakikuchapwa akiwa hai hata mara moja, kilichapwa kwanza mwaka 1801, miaka 51 baada ya kufa kwake, muda wote huo wanafunzi na wapenzi wa muziki walikuwa wananakili kwa mkono, mtu kwa mtu. Ningekuwa naishi Leipzig enzi hizo ningekipata kwa njia ile ile ninayopata nota za kwaya leo.

Kitabu chenyewe kwa Kijerumani kinaitwa Das Wohltemperierte Klavier. Watu wakitafsiri huwa wanaandika piano, na piano sio sahihi. Klavier kwa Wajerumani wa wakati ule ilikuwa ni chombo chochote chenye safu ya kii, kile ambacho kii yake inachomoa uzi kwa kipande cha unyoya, kile ambacho kii inainua kijipande cha shaba kinagusa uzi, na hata ogani. Sisi tunalo neno hilo tayari, kinanda. Kinanda kwetu ni cha umeme, ni cha upepo, ni cha miguu kile cha kukanyaga cha misheni, vyote kinanda, na kule pwani zamani kinanda kilikuwa cha nyuzi, cha kupigia mashairi na gungu. Nilipotambua hilo nilifurahi sana, nikaona hata hiki changu cha betri kina haki ya kukipigia kitabu hiki.

Hilo neno lingine, wohltemperiert, ni habari ya kukaza nyuzi. Mifumo ya zamani ya kukaza nyuzi ilikuwa do ikiwa sehemu fulani inalia tamu na ikihamia sehemu nyingine inalia vibaya, haivumiliki. Mafundi wakatafuta namna ya kugawa ile kasoro kidogo kidogo ili kila sehemu ipigike, na Bach akaandika kuonyesha, preludi moja na fuga moja, hiyo fuga nitaieleza mbele, kwa kila do inayowezekana, meja 12 na maina 12, jumla 24. Kwenye ukurasa wa mbele aliandika kwamba ni kwa faida ya vijana wanaotaka kujifunza na pia burudani kwa walioiva tayari. Preludi yetu hii ya C ilikuwemo, ikiwa fupi zaidi, kwenye daftari aliloanza kumwandikia mtoto wake mkubwa wa kiume Wilhelm Friedemann mwaka 1720, mtoto ana miaka tisa. Imo pia kwenye daftari la mke wake wa pili, Anna Magdalena, ambaye alikuwa mwimbaji wa kulipwa. Yaani huu muziki ulizaliwa mezani, nyumba imejaa watoto, baba anaandika zoezi.

Nikajionea haya kidogo na kitufe changu cha kuhamisha do. Sikatai kitufe, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi padri ameanzisha wimbo kwenye do yake mwenyewe kitufe kinaokoa misa. Lakini tukikitegemea siku zote mikono yetu inabaki kijiji kimoja maisha yote. Mtu amepiga kinanda miaka 15 na hajui F shapu iko wapi. Nimeamua nyumbani sikigusi. Nimeshapiga preludi ya C kwenye do D na do F, pole pole sana, na kila do vidole vinapata njia mpya kati ya kii nyeusi, wimbo ule ule unakuwa na umbo jingine mkononi ingawa sikioni ni ule ule.

Kuhusu kusikiliza, niseme ukweli, kabla sijapiga nilikuwa nasikiliza muziki huu na unapita tu. Unatulia, unapendeza, unaisha. Baada ya kupiga siwezi tena kuusikia hivyo. Chukua baa ya nane. Mkono wa kushoto una nota mbili, B na C, ti na do, zimekaa bega kwa bega, vidole viwili vinagusana kabisa na sauti zake zinasagana. Ukizisoma peke yake utasema kuna kosa la uchapaji. Lakini baa ya saba iliyotangulia ilikuwa tulivu na baa ya tisa inashuka inafungua, na ile kusagana katikati ndo inayokuvuta mbele. Baa ya 16 anarudia jambo hilo hilo na E na F. Nikisikiliza sasa naisubiri baa ya nane tangu ya kwanza, kama unavyomsubiri mtu stendi unajua basi lake.

Na hapo ndo utagundua wapigaji wanatofautiana kiasi gani. Bach hakuandika kasi kwenye preludi hii, hakuandika sauti kubwa wala ndogo, ni nota tu. Kwa hiyo kila mtu anakuja na lake. Kuna Mkanada Glenn Gould, alirekodi miaka ya 60, huyu nota za mkono wa kulia anazikata kata, kila moja imesimama peke yake kavu, mara ya kwanza nilikasirika, nikasema huyu anaharibu, nikaizima. Sviatoslav Richter wa Umoja wa Kisovieti, rekodi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 70, yeye nota zote zinayeyuka ndani ya mwangwi, unasikia kama uko mwisho wa kanisa kubwa na mtu anapiga mbele huko. Kwa miezi nilikuwa mtu wa Richter tu. Halafu siku moja umeme umekatika, niko gizani na simu, nikamrudia Gould, na kwa sababu nota zake hazishikani nikasikia sauti tano tofauti zinasogea, ile ya pili kutoka juu inashuka nusu toni, ya chini imekaa, ya katikati inapanda. Alikuwa ananionyesha mfupa. Sasa nawasikiliza wote wawili na sitaki kuchagua.

Kama unataka kuanza kuipiga na una kinanda chochote cha kii 61 anza leo, na nakwambia hivyo kwa sababu inatosha kabisa. Nota ya chini kuliko zote kwenye preludi hii ni C, inakuja baa ya 32 na inakaa mpaka mwisho, na kwenye kinanda cha kii 61 hiyo C ndo kii ya mwisho kabisa kushoto, hakuna nyingine baada yake. Siku ya kwanza kufika pale nilihisi kama nimetembea mpaka ufukweni. Usianze kwa kufungua nota moja moja. Piga zile tano kwa pamoja kama kodi, shikilia, sikiliza, halafu hamia inayofuata, fanya hivyo wiki nzima. Watu wanakimbilia ule mtiririko kwa sababu ndo unaosikika mzuri, na vidole vinakuwa havijui vinaenda wapi. Ukishajua kodi, imba besi kwa sol-fa huku unapiga zingine. Halafu imba nota ya juu. Halafu imba ya katikati, na hapo sauti ya pili wenzangu tunawazidi watu wote, tunashika nota ya katikati bila kuyumba hata kama dunia inaimba kitu kingine. Zile nota mbili za kushoto zishikilie kama zilivyoandikwa, usiziachie. Na kanyagio la kurefusha sauti kama unalo liache kwanza pembeni, litakuficha makosa.

Mi ilinichukua miezi miwili kuipiga kwa ajili ya harusi na mwaka mzima baada ya hapo kuipiga kwa namna ambayo mwenyewe naisikiliza. Dakika thelathini kwa siku, siku zingine kumi, siku zingine nimechoka kutoka kazini nimekaa tu nimepiga baa nne za mwisho nikalala.

Halafu kuna fuga.

Kila preludi kwenye kitabu ina fuga yake nyuma, na kwa muda mrefu sikuigeuza ile karatasi. Fuga ukiiona kwenye stafu inatisha, imebanana, nota zinapanda kila upande. Neno lenyewe la Kilatini ni kukimbia. Sauti moja inaanza peke yake na wimbo mfupi, ya pili inaingia na wimbo ule ule huku ya kwanza inaendelea na mengine, ya tatu, ya nne, mpaka zote ziko barabarani zinafuatana. Hii ya C ina sauti nne, kama kwaya. Baa 27 tu, na ule wimbo mfupi unaingia mara 24, yaani karibu kila baa kuna mtu anauanza, wakati mwingine mmoja hajamaliza mwingine ameshaanza.

Siku nimeigeuza nikaweka kidole kwenye nota ya kwanza kabisa nijue nianzie wapi. Do. Do ya katikati ya kinanda. Nikaimba: do re mi fa, so fa mi la re so. Nikaangalia kijiti cha nota kinaelekea wapi, nikaangalia sauti zingine ziko wapi, sauti ya kwanza imenyamaza, ya tatu imenyamaza, besi kimya. Inayoimba peke yake ni sauti ya pili.

Nilirudia kuangalia mara tatu. Angeweza kumpa mtu yeyote. Kitabu kizima, fuga ya kwanza kabisa kati ya 24, kanisa limenyamaza na anayefungua mdomo ni yule wa katikati mwenye nota tatu. Baada yake ndo sauti ya kwanza inaingia, inaanzia kwenye so, inaimba kile kile tulichokwisha kuimba sisi. Halafu ya tatu, nayo kwenye so. Halafu besi kwenye do, chini kabisa. Hapo sikuwa nimefikisha hata kurasa mbili za fuga maishani mwangu na nilijua hii nitaimaliza.

Nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilichukua baa sita za mwanzo, pale ambapo sauti zote nne zinakuwa zimeingia, nikazigeuza kutoka stafu kwenda sol-fa, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, sauti juu ya sauti kama nota zetu zote. Ilinichukua jioni nne maana zile nota ndogo ndogo kuzigawa kwenye nukta ni kazi. Nikapiga fotokopi 30 pale stendi.

Jumatano mazoezi yakaisha mapema, mwalimu akawa anapanga vitabu, nikaomba dakika kumi. Nikagawa karatasi. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza maneno yako wapi, nikamwambia hamna maneno, tunataja nota tu. Akasema sasa mbona sisi tumenyamaza mwanzoni hapa? Nikamwambia ndiyo dada, mtasubiri. Nikawaambia sauti ya pili, tuko tisa, taratibu, kama mtu anatembea. Nikatoa do kwenye kinanda.

Do re mi fa. Watu wakaacha kuongea. So fa mi la re so. Wenzangu walikuwa wanaimba kwa uangalifu sana, kama wamebeba kitu kilichojaa maji, hawajazoea kusikika, na sauti ya kwanza wakaingia juu yetu baa ya pili wakakosea mahali, wakaendelea. Sauti ya tatu baa ya nne waliingia safi kabisa. Besi wakachelewa nusu pigo, mwalimu akawaonyesha kwa mkono bila kugeuka, na wakaingia kwenye ile do ya chini, na kwa baa moja na nusu hivi zote nne zilikuwepo, kila mtu na njia yake, sakafu ya kanisa inasikika miguuni. Halafu karatasi ikaisha. Tukakatika katikati ya hewa, hakuna mwisho pale, nilikuwa nimeandika mpaka hapo tu.

Mzee wa kufunga milango alikuwa amesimama pembeni na funguo, hakusema kitu. Mwalimu akageuza karatasi yake akaangalia nyuma, nyeupe. Akaniuliza, mwanangu, ukurasa wa pili uko wapi?

Naendelea kuuandika. Jana usiku nilifika baa ya kumi na moja.